Wiki tatu Uingereza: pa kuingia bure na pa kutoa pesa

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, naishi Muheza. Mwezi Mei nakwenda Uingereza wiki tatu kumtembelea binti yangu aliyeko Nottingham na mjukuu wangu wa miaka saba. Vitu nilivyofundisha kwa picha za vitabuni nataka sasa kuviona: makumbusho, majumba ya sanaa, yale majumba ya mabwana wa zamani na bustani zao. Binti anasema kila kitu kule ni ghali, na British Museum tusiikanyage kabisa maana ni ghala la vitu vya wizi. Goti langu la kulia si zima. Nianzie wapi, na nijiandae kwa gharama gani?"

Shikamoo mwalimu.

Nina miaka kumi na minne ya kutembeza wageni huku, na wengi ni wazazi waliofuata watoto wao kama wewe. Nianze na pesa, maana hapo binti amesema nusu ya ukweli.

Makumbusho makubwa ya taifa hayatozi kiingilio. Kwa London hesabu British Museum, National Gallery, Tate Britain na Tate Modern, Victoria and Albert, Natural History Museum na Science Museum. Yale yaliyokuwa yakitoza yaliacha Desemba 2001. Mlangoni utakuta sanduku la mchango, pengine na kijana mcheshi atakayekutajia pauni 5. Hilo ni ombi, unaweza kupita ukasalimia tu. Kinacholipiwa ndani ni maonyesho maalumu ya muda, ambayo mara nyingi ni kati ya pauni 15 na 25. Kwa safari ya kwanza achana nayo.

Bure ina faida moja ambayo wageni wangu wengi hawaitumii, nayo ni kwamba unaweza kuondoka. Watu wa nyumbani wakishafika London hutaka kuimaliza British Museum siku moja kama wanaolima shamba la mkataba. Wanaingia saa nne asubuhi, wanatoka saa kumi na moja jioni miguu imevimba, na ukiwauliza wameona nini wanakumbuka maiti za Misri na bei ya chai. Wewe ingia kwa saa moja na nusu, vyumba vitatu basi. Toka, kaa kwenye bustani ya jirani ule chapati uliyofunga. Ukitaka kurudi kesho hakuna atakayekudai tiketi.

Pesa yako itaishia kwenye treni na kwenye majumba. Jumba la kale la kawaida pamoja na bustani yake ni kama pauni 15 hadi 25 kwa mtu mzima. Yale yenye majina makubwa, kama Chatsworth ambalo haliko mbali na Nottingham, hupita pauni 30. Kwa hiyo panga majumba mawili au matatu kwa safari nzima, uyachague vizuri.

Hapa kuna mtego. Majumba haya yana wenyewe tofauti. Mengi yako chini ya National Trust, chama kilichoanzishwa 1895, mengine English Heritage, mengine halmashauri za miji, na mengine bado ni makazi ya familia zilizoyajenga. Kadi ya mmoja haifungui mlango wa mwingine. Nimewaona watu wamenunua pasi ya watalii ya National Trust wakafika getini kwa mtu mwingine kabisa, wakalipa mara ya pili huku wamenuna. National Trust wana pasi ya siku 7 au 14 kwa wageni wa kutoka nje, na English Heritage wana ya siku 9 au 16. Kabla ya kununua, andikeni kwanza majumba mnayotaka, kila moja na mwenyewe, ndipo mpige hesabu. Binti akiwa mpenzi wa kutoka mwishoni mwa wiki, uanachama wake wa mwaka, karibu pauni 100, utajirudisha baada ya safari tano au sita, hata ukishaondoka wewe.

Jambo jingine dogo la mlangoni: utaulizwa habari ya Gift Aid. Ni mpango ambao serikali huongezea shirika peni 25 kwa kila pauni iliyotolewa na mlipakodi wa nchi hii. Wewe si mlipakodi wa huku, jibu hapana. Angalia pia kama bei uliyotajiwa imeshaongezwa mchango juu yake, maana huwa zinaandikwa bei mbili na kubwa ndiyo ya kwanza.

Sasa majumba yenyewe. Kwa mtu wa Nottingham ningeanza na Hardwick Hall, mpakani mwa Derbyshire, ambalo ni la National Trust. Lilijengwa miaka ya 1590 na mwanamke aliyeitwa Bess, mjane mara nne, kila ndoa ikimwacha tajiri kuliko ile iliyotangulia. Utaliona kwa mbali: madirisha makubwa kuliko kuta, zama ambazo kioo kilikuwa mali ya kuringia, na juu ya minara herufi za jina lake kamili, Elizabeth Shrewsbury, yaani E na S, zimechongwa kwa mawe zipate kusomwa na majirani. Ndani kuna mazulia ya ukutani kumi na matatu yanayosimulia habari za Gideoni wa kwenye Biblia. Bess aliyanunua 1592 kwa warithi wa waziri mmoja wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, yakiwa na nembo za yule bwana. Alidai apunguziwe pauni 5 kwa ajili ya gharama ya kuzibadilisha, akapunguziwa, kisha akafunika nembo kwa vipande vya kitambaa vilivyochorwa nembo yake. Paa jike wa nembo ya zamani akamwongezea pembe ili awe dume wa ukoo wake. Sogea karibu utafute pembe hizo. Mama yeyote wa Kariakoo angemwelewa Bess. Kusafisha na kukarabati mazulia hayo kumechukua miaka 24, kazi ikaisha 2023.

Vyumba utavikuta vina giza, mapazia yameshushwa mchana kweupe. Usidhani umeme umekatika. Mwanga hula rangi ya nyuzi, na kitambaa kikishapauka hakirudi. Ukiona koni ya msonobari au ua kavu lenye miiba juu ya kiti, maana yake usikalie; wameona ni adabu zaidi kuliko kubandika tangazo. Na yule mzee mwenye beji aliyekaa pembeni si askari wa kukuwinda. Karibu wote ni watu wa kujitolea, wastaafu kama wewe, na wamekaa pale saa nzima wakisubiri mtu awaulize swali. Mwulize. Mwambie ulikuwa mwalimu wa historia uone kama mtatoka chumba hicho kabla ya nusu saa. Waingereza husifiwa kwa ukimya, lakini hao hawamo.

Kuhusu goti: haya si majengo ya lifti. Vyumba vizuri vya Hardwick viko juu kabisa. Ngazi zake ni pana na vipandio vyake vifupi, lakini ni nyingi. Piga simu au andika kabla, uliza ghorofa ngapi, viti vya kupumzikia vipo wapi, na kama wana kiti cha magurudumu cha kuazima. Sehemu nyingi huazimisha bila malipo. Makumbusho ya mijini hayana shida hiyo, lifti zipo, na makubwa mengi yana viti vyepesi vya kukunja unavyotembea navyo. Chukua kimoja hata kama goti limetulia siku hiyo.

Jumba la pili nalikuombea ulione hata ukiacha mengine yote: Newstead Abbey, chini ya kilomita 20 kaskazini mwa Nottingham. Linaangaliwa na halmashauri ya jiji hilo, kwa hiyo pasi zile mbili hazifanyi kazi hapa. Kwa Waingereza ni nyumba ya mshairi Lord Byron. Ilikuwa nyumba ya watawa tangu karne ya 12, mfalme akaifunga 1539, ukoo wa Byron ukainunua. Ukuta wa mbele wa kanisa bado umesimama peke yake, dirisha kubwa limebaki tundu, unaona mawingu upande wa pili. Bustanini kuna mnara wa kaburi la mbwa wa Byron, aliyekufa 1808, na watu wote hupiga picha hapo.

Wewe una sababu nyingine. Baada ya Byron jumba lilikuja kwa William Webb, mwindaji aliyefahamiana na David Livingstone kusini mwa Afrika, na Livingstone alikaa humo miezi kadhaa, 1864 hadi 1865, akiandika habari za safari yake ya Zambezi. Alipofariki 1873 kule Chitambo, unajua kilichofuata, umekifundisha: Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walikausha mwili wakaubeba kwa miguu miezi tisa hivi hadi Bagamoyo. Vitabu vyetu vingi vinaishia hapo, mwili unapandishwa meli. Lakini Susi na Chuma walifika Uingereza mwaka huohuo wa 1874. Walichelewa mazishi. Rafiki wa marehemu, James Young, ndiye aliyewalipia nauli baadaye, wakaja kumsaidia mhariri kusoma na kueleza shajara za mwisho, kwa sababu njia, majina ya watu na majina ya vijiji waliyajua wao. Na walikuja Newstead. Ipo picha iliyopigwa pale mwaka ule, wamekaa na watoto wa Livingstone na mhariri, mabaki ya safari yakiwa mbele yao. Basi utakapokuwa unatembea kwenye zile korido, jua kwamba watu wawili waliosema Kiswahili waliwahi kupita humo, na kwamba kazi waliyoitiwa ilikuwa ya kitaalamu. Waulize wale wa kujitolea habari hizo. Wengine wanazijua vizuri, wengine watakuandikia jina la kitabu.

Ukifika London unaweza kufunga mduara huo Westminster Abbey, ambako Livingstone alizikwa tarehe 18 Aprili 1874, akiwa amebebwa na kina Jacob Wainwright, kijana aliyekuwa kwenye msafara ule. Jiwe lake liko sakafuni katikati ya kanisa, na limeandikwa kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari. Mikono ya nani, jiwe halisemi. Kiingilio cha Abbey ni kikubwa, karibu sawa na Chatsworth. Kuhudhuria ibada ya jioni ni bure, ila hapo unakwenda kusali, huruhusiwi kuzunguka ukisoma makaburi.

Kufika Newstead: basi la kutoka Nottingham kwenda Mansfield linakuacha getini, kisha kuna kilomita moja na nusu hivi ya kutembea msituni hadi mlangoni. Kwa goti lako, binti aendeshe au mchukue teksi. Na jumba halifunguliwi kila siku hata kama bustani iko wazi. Tazameni kalenda siku hiyohiyo asubuhi. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliwapeleka wageni wanne kwenye jumba moja, mwezi wa Novemba, getini tukakuta karatasi imebandikwa: limefungwa hadi Machi. Tulikula sandwichi zetu kwenye kituo cha basi, na basi la kurudi lilikuwa baada ya saa mbili. Majumba mengi ya shamba hulala wakati wa baridi. Mei uko salama, ila makumbusho madogo ya miji mengi hufunga Jumatatu.

Sasa neno la binti kuhusu British Museum. Anachosema si uzushi, lakini ningekwenda, na wewe mwalimu wa historia ndiye hasa wa kwenda. Kila kitu mle kina njia yake ya kufika, na njia hizo si moja. Shuka chumba cha 25, vyumba vya Afrika, chini kabisa. Ukiingia kwa mlango wa nyuma wa Montagu Place unakwepa foleni ndefu ya mbele. Hapo utaona vibao vya shaba vya ufalme wa Benin, Nigeria ya leo, vimepangwa kwenye nguzo za chuma kama vinaning'inia hewani. Hivyo vilichukuliwa na jeshi la Uingereza 1897 lilipouteka na kuuchoma mji. Huo ni uporaji, hata kibao cha maelezo hakifichi. Humohumo kuna kiti cha enzi kilichoundwa kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya Msumbiji, kazi ya msanii wa Msumbiji mwaka 2001, kilinunuliwa. Makumbusho ina kanga pia, zilizonunuliwa madukani Afrika Mashariki kama unavyonunua wewe, na chungu cha Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi anayefanya kazi yake Uingereza. Vifaa vya mawe vya Olduvai vililetwa na msafara wa Louis Leakey wa 1931, enzi ambazo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza na hapakuwa na wa kumwomba ruhusa isipokuwa wao wenyewe. Hicho cha mwisho uwaachie wanafunzi wako wa zamani wabishane.

Ukiuliza mbona hawarudishi, utajibiwa sheria ya 1963 inawazuia wadhamini kutoa mali ya makumbusho isipokuwa kwa sababu chache sana. Ni kweli sheria ipo. Ni kweli pia kwamba sheria hutungwa na watu na hubadilishwa na watu. Makumbusho yasiyofungwa nayo yamekwenda njia nyingine: Horniman, kusini mwa London, ilihamisha umiliki wa vitu 72 vya Benin kwa Nigeria 2022. Dhahabu ya ufalme wa Asante, Ghana, ilirudi Kumasi 2024, lakini kwa mkopo. Mwenye mali ameazimwa mali yake. Na kama mtapita Oxford, makumbusho ya Pitt Rivers, bure, imekuwa ikiwapokea wajumbe wa Kimaasai kutoka Kenya na Tanzania waliotambua makabatini mapambo ambayo kimila hayauzwi wala hayatolewi nje ya ukoo, hivyo kuyakuta pale kulimaanisha kwamba mwenyewe alidhulumiwa au aliuawa. Bila wao kuingia na kuangalia, vibao vya maelezo vingebaki vilevile.

Kama mnakwenda London Ijumaa, British Museum hukaa wazi hadi saa mbili na nusu usiku na jioni hiyo watu hupungua. Wekeni nafasi ya bure mtandaoni. Usiende na sanduku la magurudumu ukitokea stesheni, hawalipokei.

Sanaa naipitia haraka. National Gallery, vyumba vinne, toka. Tate, uliza kama kuna kazi ya Lubaina Himid ukutani siku hiyo. Alizaliwa Zanzibar 1954, na 2017 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Kenwood House, kaskazini mwa London, ni jumba, bustani na mkusanyo wa picha kwa pamoja, na mlango ni bure. Rembrandt aliyejichora uzeeni yuko pale, amesimama na brashi zake, na mara nyingi unakuwa naye peke yako chumbani. Basi namba 210 linapita jirani.

Bustani. Kew ni ya kulipia, inafika pauni 20 na ushei, na kwa mtu wa Muheza ina utani wake. Utaingia Palm House, nyumba ya vioo iliyomalizika 1848, miwani itajaa ukungu, joto litakupokea kama umeshuka basi Tanga, na mbele yako mnazi, mgomba, mkahawa na muwa, kila mmoja na kibao chake, Wazungu wakipiga picha. Usicheke kwa sauti. Katafute mmea kwenye chungu kikubwa ulioletwa kutoka Afrika Kusini 1775, umeegemezwa vyuma kama mzee na mkongojo. Wewe uliyekulia jirani na Amani, bustani ya Wajerumani ya 1902, utaona hizi mbili zilikuwa kazi ya aina moja: kujaribu mimea ya nchi za watu ijulikane ipi italeta pesa. Na ile mimea midogo ya maua ya zambarau yenye majani ya manyoya, inayouzwa kwenye vikopo katika maduka ya vyakula ya Uingereza, asili yake ni milima ya Usambara. Mjerumani mmoja aliipeleka Ulaya miaka ya 1890.

Lakini bustani nitakayokusisitizia zaidi ni za watu wa kawaida. Tangu 1927 kuna mpango uitwao National Garden Scheme: wenye bustani nzuri nyumbani kwao hufungua geti siku moja au mbili kwa mwaka, wageni hulipa pauni chache, na pesa huenda kwenye huduma za wauguzi. Mwaka ule wa kwanza ilikuwa shilingi moja kwa kichwa. Mei zinafunguliwa nyingi, hata vitongojini Nottingham. Unaingia uani kwa mtu, anakuonyesha mbolea yake, mkewe anakukatia keki. Hakuna jumba litakalokuonyesha maisha ya huku kama hapo. Kama mnataka pa kutembea bila kupanda, Clumber Park ni tambarare: jumba lake lilibomolewa 1938, umebaki mstari wa miti unaozidi kilomita tatu na bustani ya mboga iliyozungushiwa ukuta.

Mjukuu yuko shuleni, kwa hiyo panga yako ya kimya siku za kazi. Wiki ya mwisho ya Mei shule hufungwa, ndiyo yake. Mpeleke Wollaton Hall hapohapo mjini, paa wanatembea uwanjani bure na ndani kuna sokwe mkubwa aliyekaushwa. Mkifika Natural History Museum London atakuuliza dinosaria wa Tanzania yuko wapi. Yule mkubwa wa Tendaguru, Lindi, anayejulikana dunia nzima yuko Berlin. Waingereza nao walichimba Tendaguru kati ya 1924 na 1931, lakini mifupa yao haikusimamishwa ukumbini. London ataona nyangumi.

Njoo na viatu ulivyokwisha kuvizoea, na koti la mvua hata kama ni Mei. Mwavuli watakunyang'anya mlangoni.